Mlalamishi Nambari Moja

Siku polisi walipomkamata Masinde, mkewe alikuwa kanisani akimwomba Mungu polisi wamkamate mwizi. Kwaya nzima ilikuwa imefumba macho. Mwalimu wa kwaya, Wasike, alikuwa amekwisha kuwaombea wagonjwa na watahiniwa, sasa amelifikia jambo lililomkera zaidi. "Na yule mtu anayekula jasho letu, Baba, yule anayenakili nyimbo zetu kwa siri, mtie mikononi mwa sheria." Nanyama akaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Mungu, ambaye kwa kawaida hana haraka na watu wa Bondeni, siku hiyo alijibu kabla hawajafumbua macho.

Mlango ulisukumwa. Alikuwa Travis, mwanafunzi wa chuo aliyeshinda kwenye cyber ya Masinde, duka lake la intaneti, kana kwamba amezaliwa humo. Alikuwa anahema.

"Mama Shantel, kuja haraka. Karao wamejaa kwa cyber. Wanabeba mashine zote, na buda wamemtia pingu."

"Ni mambo ya leseni tu," Nanyama aliwaambia wenzake, akikunja karatasi yake ya nyimbo. "Tulichelewa kulipa. Mtaniwia radhi kidogo."

Haikuwa leseni. Mbele ya duka lao, kwenye ile safu ya vyumba inayotazamana na nyumba za zamani za baraza, watu walikuwa wamesimama kimya kama wanaosubiri maiti itolewe. Wanaume wawili wa ofisi ya hakimiliki kutoka Nairobi, suti zao bado hazijajuana na vumbi la Nakuru, walikuwa wakishusha CD rafuni na kuzitia ndani ya gunia la viazi. Kompyuta zilikuwa tayari nyuma ya gari la polisi, nyaya zikining'inia. Masinde alikuwa ameketi kati ya kompyuta mbili, amejikunyata. Alipomwona mkewe aliinamisha kichwa.

Nanyama alitaka kwanza kupiga kelele. Kisha akaiona CD iliyokuwa juu ya gunia. Karatasi ya jalada ilikuwa imetolewa kwa mashine ya fotokopi, nyuso zote zimekuwa nyeusi tii. Alizitambua kanzu za kwaya kabla hajautambua uso wake mwenyewe, pale mbele, mdomo umefunguka.

Wasike alikuwa amemfuata. Naye aliiona. Aliinama akaiokota, akaigeuza, akaipangusa kwa mkono wa koti.

"Hii ni sisi," alisema.

Wanakwaya waliokuwa nyuma yake walianza kurudi mmoja mmoja, bila kuaga.

*

Kituoni, koplo wa zamu aliitwa Omolo, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alimtazama Nanyama, akaonekana kufurahi.

"Mama, si ni wewe ulikuja kuandika statement hapa mwezi wa tano? Ile ya kwaya?"

"Ni mimi."

"Basi shukuru Mungu. Tumempata mtu wako."

"Ni bwana yangu," Nanyama alisema.

Omolo aliweka kalamu chini. Alicheka kidogo, akaona mama hacheki, akakoma. Ndipo akamwonyesha kosa la Masinde, na ni kosa ambalo nina hakika halijafanywa na mwizi mwingine wa nyimbo katika Kenya hii. Bondeni, ukinunua CD ya barabarani, wimbo wa tatu hugoma na mchuuzi humwoni tena. Masinde alilichukia jambo hilo. Yeye alitaka kuwa mfanyabiashara wa kuaminika. Kwa hiyo alichongesha muhuri wa mpira, na kila CD aliyoinakili aliigonga muhuri huo kwa wino wa zambarau: MASINDE CYBER, BONDENI. IKIKWARUZA RUDISHA. Na chini yake, namba ya simu.

"Miaka yote nimeshika watu wa CD," Omolo alisema, "sijaona mwizi anaweka guarantee. Hawa watu wa Nairobi walinunua moja sokoni, wakapiga hii simu, mzee akawaelekeza mpaka mlangoni. Akawaambia wakichukua nyingi atawapunguzia."

Nanyama aliitazama ile namba. Aliijua vizuri, maana nyumba yao ilikuwa na simu moja tu. Mchana ilikaa dukani na Masinde, na jioni ilikaa kwake. Tangu mwezi wa pili simu hiyo ilikuwa ikimletea bahati. Watu wasiomjua walipiga jioni kumwomba aje awaimbie. Aliimba harusi Njoro, akaimba mazishi Molo, akaimba kwenye mchango wa mjane fulani Mau Narok, na kila mara alirudi na bahasha. Aliwaza kwamba jina lake limeanza kusikika. Hakuwaza zaidi ya hapo, kwa sababu bahasha hizo ndizo zilizomnunulia Shantel viatu vya shule, na mtu haulizi maswali mengi unga ukiwa umejaa kwenye debe.

Walimruhusu kuzungumza na mumewe kaunta. Masinde alikuwa amenyang'anywa mkanda na kamba za viatu. Kwa mkono mmoja alikuwa ameshika suruali.

"Ulinidanganya," Nanyama alimwambia. "Nilipotoka hapa mwezi wa tano nikakuambia tumeshtaki, ulinitengenezea chai. Ukaniambia pole."

"Ningesema nini, Mama Shantel? Ulikuwa umekasirika."

"Wewe ulisema nyimbo za watu wengine ndio unachoma kwa CD. Zetu hutagusa. Uliapa."

"Sikuzigusa mpaka vita ya uchaguzi ikakuja." Masinde alishusha sauti. "Unakumbuka showground mwezi wa kwanza? Wakimbizi wamelala kwa matope, wanazika kila siku, na wote wanataka ule wimbo wa kwaya unaouongoza wewe. Nani alikuwa na mia mbili ya CD ya kanisa? Nikachoma kumi nikawapa bure. Wakakuja wengine. Nikasema basi hamsini, ya kununua CD tupu. Halafu ndugu ya mtu mmoja huko Minnesota akaomba, nikauweka kwa internet. Mama, watu wanaangalia mpaka Doha! Wanaandika pale chini, ati walilia. Hiyo ni wizi?"

"Wasike alizunguka akiomba pesa ya studio mpaka akaitwa ombaomba."

"Najua."

"Mugure aliuza kuku zake."

"Najua, Mama Shantel. Lakini sikia. Nimeongea na mahabusu mmoja hapa anaelewa sheria. Anasema mwenye wimbo akisema alinipa ruhusa, hakuna kesi. Sentensi moja tu. Na mwenye wimbo ni wewe."

Hapo alisema kweli, na ndiyo iliyomkata Nanyama maini. Kwaya yao haikuwa imesajiliwa popote. Ilikuwa kwaya tu, ya watu wa kila kabila, waliokutana Jumatano na Jumamosi. Walipokwenda kuandikisha nyimbo waliambiwa linatakiwa jina la mtu na kitambulisho chake. Wasike alikuwa amepoteza chake, wengine waliogopa mambo ya serikali, na wote kwa sauti moja wakasema: mwandike Nanyama, si ndiye sauti yetu? Walipiga makofi siku hiyo. Hawakujua kwamba wamempa mtu mmoja mali ya watu wote.

"Na kama sitaki kusema chochote?" alimuuliza Omolo. "Si mke hawezi kuitwa kushtaki bwana yake?"

"Kawaida haitwi," Omolo alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Lakini hii ni mali yako mwenyewe aliguza. Hapo sheria inakuita. Na kuondoa kesi siyo wewe tena, mama. Hao wa Nairobi wanataka mfano. Hapa kwa faili wewe ni mlalamishi nambari moja."

*

Asubuhi iliyofuata Masinde alisomewa mashtaka, akakana. Hakimu alitaja dhamana ambayo Nanyama aliisikia akadhani amesikia vibaya. Masinde akapelekwa rumande mpaka siku ya kesi.

Nanyama alikwenda kwa mwenye duka. Leela, ambaye wapangaji walimwita Mama Deepa, alikuwa mjane wa Kihindi aliyezaliwa papo hapo Nakuru, mwenye majengo mawili Bondeni na ulimi usiozunguka. Alimkuta mbele ya cyber akitia kufuli lake juu ya kufuli la polisi. Travis alikuwa amekaa kwenye ngazi, hana pa kwenda.

"Mama Deepa, nimekuja kwa magoti," Nanyama alisema. "Ile deposit tulikupa ya nyumba ya duka. Nisaidie nayo nimtoe Baba Shantel. Nitarudisha."

"Deposit ni ya rent, na rent hamjalipa tangu mwezi wa nne. Ilikwisha."

"Mama Deepa, tafadhali."

"Mimi sina ubaya na wewe, Mama Shantel. Lakini nikuambie kitu. Nitin, mtoto wa ndugu yangu, alikuwa na duka ya kanda pale Kenyatta Avenue. Original. Unalikumbuka? Alifunga, sasa anauza simu. Alifunga kwa sababu ya watu kama bwana yako."

"Na wewe ulikuwa unachukua rent ya Masinde," Travis alisema kutoka kwenye ngazi.

Leela alimgeukia. Hakukasirika. "Ndiyo, nilichukua. Kwa hivyo na mimi nilikula. Umefurahi?"

"Sijasema hivyo, mathe. Nasema tu internet ni ya watu wote. Wimbo ikishaingia huko ni kama hewa, huwezi shika. Hawa wanataka kutisha masufferer, watu maskini tu. Halafu kuna ile mswada, serikali inataka kuchungulia kila kitu tunaandika. Leo ni CD, kesho ni mdomo yako."

"Kijana, mwezi wa kwanza hiyo uhuru yako ilitumia watu message gani kwa simu? Mimi nilipata moja. Ilisema jengo langu litachomwa na mimi ndani."

Travis akasema, polepole, "Lakini wale walituma hiyo hawakushikwa. Wameshika mtu wa kwaya."

Leela alifungua mkoba akatoa noti mbili za mia tano, akamtia Nanyama mkononi akiangalia pembeni. "Hii si ya dhamana. Hii ni ya unga. Na ukitoka kortini, utanipa duka yangu."

Nanyama alizipokea. Alishukuru, akapiga magoti kidogo kama alivyofundishwa kwao kumshukuru mtu mzima, na aliposimama aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Alikuwa amekwenda kuomba mume akarudi na unga.

*

Kwaya ilimwita Jumatano. Viti vilikuwa vimepangwa duara, na cha Nanyama kilikuwa mahali pake pa siku zote, karibu na Mugure. Hilo lilimpa moyo kidogo. Mugure alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, mama wa watoto watatu. Nyumba yake Kaptembwa iliteketea Januari, na mpaka wakati huo alikuwa akilala kwenye hema showground, serikali ikiwaambia kila wiki waondoke. Kwaya ilikuwa imekubaliana kwamba pesa za CD zitawakodishia vyumba wenzao waliochomewa, na wa kwanza angekuwa yeye. Miezi yote hiyo CD zilikaa katoni ndani ya ofisi ya kanisa. Nani angenunua kwa mia mbili kitu kinachouzwa hamsini nje ya lango?

"Dada Nanyama," Wasike alianza, "hatukukuita kukuhukumu."

Maneno hayo kwa kawaida husemwa na mahakimu.

"Asante, mwalimu."

"Hatukuombi umchukie Baba Shantel. Ni ndugu yetu. Alitufungia spika hapa bure, tunajua. Tunaomba kitu moja. Ukiitwa kortini, sema ukweli. Kuna maneno mtaani ati utasema ulimruhusu."

"Nani amesema?"

"Imesemwa tu."

Nanyama aliwatazama. Aliwapenda watu hawa. Januari, mji ulipogawanyika kikabila, barabara kwa barabara, Kipkorir wa sauti ya nne alimficha kijana wa Mugure chini ya kitanda chake siku tatu, na Jumapili iliyofuata wote wakaja wakasimama kwa mstari ule ule wakaimba. Hakuna kitu kingine maishani alichokuwa nacho kilichofanana na kile.

"Wakimfunga," alisema, "nitakula nini na mtoto? Mashine zimekwenda. Duka limekwenda."

"Tutakusaidia," mtu mmoja alisema.

"Na nini?"

Kila mmoja alijua alichokuwa nacho mfukoni.

"Na hizi harusi umekuwa ukiimba," Wasike alisema, sauti sasa imekaza. "Njoro, Molo, wapi huko. Hao watu walipata namba yako wapi?"

"Hawakusema."

"Na hukuuliza?"

"Mwalimu, mtu akikuita kwa mazishi utamuuliza ametoa namba wapi?"

"Ulijua, dada?"

"Sikujua," Nanyama alisema. "Mungu ni shahidi, sikujua bwana yangu anauza CD yetu."

Wasike alishusha pumzi. Wanawake wawili wakasema Bwana asifiwe. Mugure aliweka mkono wake juu ya goti la Nanyama akauacha hapo. Ulikuwa mkono wenye ngozi ngumu, baridi ya hema imeupasua. Nanyama alitamani auondoe, na pia alitamani usiondoke.

Alitembea hadi nyumbani akijibishana na nafsi yake. Amesema kweli. Hakujua. Lakini mama mmoja wa Molo alimwambia wazi wazi, alipomaliza kuimba, kwamba mumewe marehemu aliipenda sana "ile CD yenu ya zambarau". CD ya kanisa haikuwa na zambarau popote. Nanyama alitabasamu, akapokea bahasha, akaomba maji ya kunywa.

*

Nanyama alimtembelea Masinde rumande mara moja tu, maana nauli haikuruhusu zaidi. Mumewe alikuwa amekonda na anakohoa. Walizungumza wakiwa na waya kati yao, pamoja na watu wengine wengi waliokuwa wakipiga kelele kwa jamaa zao.

"Shantel anasemaje?"

"Shule wanamwita mtoto wa mwizi. Ameacha kwenda."

Masinde alishika waya kwa vidole. "Mama Shantel, humu ndani nitakufa. Si mchezo. Tunalala wima. Sema ile sentensi."

"Umesikia kwaya wanasema nini?"

"Kwaya haijakuoa."

"Kwaya haijanidanganya."

"Nilikosa," Masinde alisema. "Kukudanganya, hapo nilikosa. Lakini kuiimbisha dunia wimbo wako, hapo sikukosa, hata wanifunge. Ulikuwa umefungiwa kwa katoni. Mimi nilikutoa."

Hilo lilimuuma Nanyama kwa namna ambayo hakuitarajia, kwa sababu sehemu fulani ya moyo wake ilikubali. Usiku wa harusi ya Njoro watu wasiomjua waliimba kiitikio naye neno kwa neno, na yeye alijisikia mkubwa. Alijisikia hivyo kwa mali ya wizi. Na kama ameshiba kwa mali ya wizi, atasimamaje mbele ya watu kumnyooshea kidole aliyemwibia?

"Ukisema hujanipa ruhusa, ni miaka," Masinde alisema. "Ukisema ulinipa, naenda nyumbani siku hiyo hiyo."

"Na mimi naenda wapi?"

Masinde hakuelewa swali. "Nyumbani," alisema. "Na mimi."

*

Siku ya kesi kwaya ilikuja. Walikaa benchi mbili za nyuma, wamevaa nguo za Jumapili. Mugure alikuwa mwisho wa benchi, karibu na mlango.

Mwendesha mashtaka, inspekta mwenye miwani, alimwongoza Nanyama taratibu kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

"Hizi nyimbo zimeandikishwa kwa jina la nani?"

"Langu."

"Mwezi wa tano ulikuja kituoni ukalalamika kwamba kuna mtu anazinakili?"

"Ndiyo."

"Mtu huyo ulikuwa unamjua?"

"Sikumjua."

"Angalia hii CD. Ni nyimbo zako?"

Aliiangalia. Muhuri wa zambarau ulikuwa umetulia sawasawa katikati, haukupinda hata kidogo. Masinde alikuwa mtu wa kazi safi.

"Ni zangu."

"Sina zaidi, mheshimiwa."

Hakimu, mwanamke wa makamo aliyekuwa na mafua, alimgeukia Masinde kizimbani. Hakuwa na wakili. "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Watu wengine walicheka chini chini, maana hawakuwa wameona mtu akimhoji mkewe mbele ya serikali. Masinde alisimama. Suruali ilimpwaya. Alikuwa amejifunza maneno yake rumande, ilionekana, lakini yalimtoroka.

"Mama Shantel," alisema.

"Mwite shahidi," karani alimwambia.

"Shahidi. Je, ni ukweli au si ukweli, wewe kama mwenye nyimbo, ulinipa ruhusa?"

Nanyama alishika ukingo wa kizimba cha mashahidi. Alitaka kuwepo na jibu la tatu. Alitaka kusema: sikumpa ruhusa na sikumkataza, sikujua na nilijua, alikula jasho langu na tulikula pamoja. Lakini mahakama haina nafasi ya kuandika jibu kama hilo. Aliwaza rumande, watu wakilala wima, na kile kikohozi. Aliwaza Shantel ndani ya nyumba, mlango umefungwa mchana. Kisha bila kukusudia aliangalia nyuma, akakuta Wasike amekunja mikono kifuani, ameinamisha uso, midomo ikichezacheza. Alikuwa akiomba. Alikuwa akimwombea yeye.

"Jibu, mama," hakimu alisema.

"Nilimruhusu."

"Sema kwa sauti."

"Nilimruhusu," alisema tena, na sauti ile ambayo watu wa Doha waliililia ikatoka kavu.

Inspekta aliinuka haraka. Alisoma maandishi ya mwezi wa tano. Aliuliza kama alikuwa amedanganya polisi siku ile au anadanganya mahakama leo. Nanyama alisema alikasirika tu na mumewe kwa mambo ya nyumbani ndipo akaenda kushtaki. Uongo mmoja ulizaa mwingine, kila mmoja akiutamka akimtazama karani wala si benchi za nyuma. Hakimu alimkemea kwa muda mrefu. Alimwambia amepoteza wakati wa polisi, amepoteza pesa za wananchi, na anastahili kushtakiwa yeye mwenyewe, na kwamba wanawake kama yeye ndio wanaofanya sheria ichekwe. Nanyama alisema ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa. Wanaume wawili wa Nairobi walikusanya mikoba yao kabla hakimu hajamaliza kuandika. Masinde aliachiliwa. Mashine zingebaki mikononi mwa polisi mpaka maagizo mengine yatolewe, na kila mtu anajua maagizo hayo huchukua muda gani.

Kiatu kilisuguana na sakafu, kisha kingine. Nanyama hakuhitaji kugeuka. Aliisikia kwaya ikitoka kama alivyozoea kuisikia ikiingia, sauti ya kwanza mbele, ya nne mwisho.

*

Nje, chini ya ukuta wa mahakama, Mugure alikuwa amebaki peke yake. Alikuwa akifunga leso kichwani kwa sababu ya upepo wa Julai.

"Mama Njoki," Nanyama alimwita.

Mugure alimngoja afike.

"Nisamehe."

"Nimekusamehe," Mugure alisema. "Hata mimi ningesema vile vile. Bwana ni bwana. Kama wangu angekuwa hai na wamemweka hapo juu, ningesema hata ni mimi nilichoma hizo CD."

Nanyama alianza kulia. Alikuwa amejikaza kwa majuma, na sasa machozi yalimtoka mbele ya mawakili na wachuuzi wa njugu.

"Lakini Jumapili usikuje," Mugure aliendelea, kwa upole ule ule. "Na Jumatano pia. Si mwalimu amesema, ni mimi nakuambia, ndio usisikie kwa mtu mwingine. Mimi nimekusamehe kabisa. Shida ni kuimba. Nikisimama kando yako sauti haitatoka, na wewe unajua ile sauti ya pili ikikosa, wimbo wote unaanguka."

"Mtaimba na nani mbele?"

"Hatujui bado. Labda ule wimbo wako hatutauimba tena." Alimshika mkono, akaubana, akauachia. "Wacha niende. Leo wanahesabu hema, mtu akikosekana wanabomoa."

Alivuka barabara. Nanyama alimtazama mpaka akapotea kati ya watu wa sokoni.

Nyuma yake alisikia hatua. Masinde alikuwa ametoka, amerudishiwa mkanda, uso umeng'aa kama wa mtu aliyefufuka. Alikuwa amekonda sana na alikuwa akicheka. Alimshika mabega mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane.

"Mama Shantel! Si nilikuambia? Sentensi moja tu."

Nanyama alimwangalia mtu huyu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemkomboa. Akafuta uso kwa kiganja, akamwekea kola ya shati vizuri, kwa sababu huyu ndiye mtu pekee aliyebaki naye.

"Twende," alisema. "Mtoto amefungiwa nyumbani."